UZI: Mwanasheria mhamiaji na kazi ya serikali ya kusimamia haki za kiraia Marekani – njia, masharti na mitego

SheriaUghaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Kila anapouliza mwanasheria wa kwetu namna ya kuingia kwenye ofisi za serikali ya Marekani zinazopambana na ubaguzi, jibu huwa moja: soma LL.M. (shahada ya uzamili ya sheria), fanya mtihani wa uwakili, omba kazi. Jibu hilo limewapotezea watu miaka mingi. Naomba uzi huu uwe wa taarifa tupu, wenye ujuzi waongeze.

Kwanza ofisi zenyewe. Wizara ya Sheria ina Kitengo cha Haki za Kiraia, kilichozaliwa na sheria ya mwaka 1957. Tume ya Fursa Sawa za Ajira, maarufu EEOC, ilianza kazi Julai 1965 ili kusimamia sura ya saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini. Malalamiko ya nyumba na upangaji yanakwenda HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Chini ya hizo kuna ofisi za majimbo na miji: New York State Division of Human Rights, Civil Rights Department ya California, Minnesota Department of Human Rights, na kamisheni ya jiji la New York. Watu wetu wanaitazama Washington peke yake, wakati ofisi ya jimbo ndiyo inayoweza kumpokea mtu ambaye bado si raia.

Sasa uraia, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuwa wakili si lazima uwe raia. Mahakama ya Juu ilimaliza jambo hilo mwaka 1973 katika shauri la Griffiths, mama wa Kiholanzi aliyekataliwa kufanya mtihani wa uwakili Connecticut kwa sababu ya uraia wake tu, akashinda. Ajira ya serikali kuu ni habari nyingine. Nafasi za mawakili hazimo kwenye utumishi wa kawaida wa ushindani, lakini sheria ya bajeti inayopitishwa na Bunge kila mwaka inazuia fedha za umma kumlipa asiye raia, isipokuwa makundi machache. Mojawapo ni mwenye grini kadi anayetafuta uraia. Jingine ni mkimbizi au aliyepewa hifadhi aliyekwisha kutamka rasmi nia ya kuwa mkaazi wa kudumu na baadaye raia. Wizara ya Sheria yenyewe inaandika kwenye matangazo yake kwamba kumwajiri asiye raia ni nadra sana, na ofisi za waendesha mashtaka wa serikali kuu hazimchukui kabisa. Wizara inataka pia uwe umeishi Marekani jumla ya miaka 3 kati ya 5 kabla ya kuomba. Ukienda kukaa Dar miaka miwili na nusu kumuuguza mzazi, hesabu hiyo inakukata hata kama pasipoti ya Marekani unayo mfukoni.

Mhamiaji kufika juu kabisa inawezekana. Harmeet Dhillon, aliyeanza kukiongoza Kitengo cha Haki za Kiraia Aprili 2025, alizaliwa Chandigarh, India. Thomas Perez, aliyekiongoza 2009 hadi 2013, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, na alianzia mle mle kama wakili wa kawaida wa kesi.

MtuWaKigoma

Mkuu, asante kwa uzi. Mwenye LLB ya Tanzania na uwakili wa Tanzania anaanzia wapi hasa? Ni lazima LL.M.?

NyaliLegal

Ndugu MtuWaKigoma, si lazima kila mara. Kwa New York soma kanuni 520.6 ya mahakama yao ya rufaa. Wanapima mambo mawili: muda wa masomo na aina ya sheria. Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi sheria ya Kiingereza, kwa hiyo LLB ya darasani ya miaka isiyopungua mitatu, iliyokupa sifa ya kuingia kwenye uwakili kwenu, inaweza kukuruhusu kufanya mtihani moja kwa moja. Upungufu ukiwa upande mmoja tu, ama muda ama aina ya sheria, LL.M. ya Marekani inauziba. Ukipungukiwa pande zote mbili, LL.M. haikusaidii.

LL.M. nayo haifai kwa jina tu. Iwe na krediti 24 au zaidi, zote zimesomwa ndani ya Marekani chuoni, si kwa mtandao, na ikamilike ndani ya miezi 24. Ndani yake ziwemo krediti 2 za maadili ya uwakili, 2 za utafiti na uandishi wa kisheria, 2 za utangulizi wa mfumo wa sheria wa Marekani, na 6 za masomo yanayotahiniwa. Kuna watu wamelipa ada yote ya shahada ya haki za binadamu, nzuri kabisa, kisha wakakuta krediti za masomo ya mtihani hazikutimia. Kabla ya kujisajili mpelekee mratibu wa chuo orodha hiyo, akujibu kwa maandishi.

Utaratibu wenyewe: unaomba tathmini ya vyeti vyako kwa bodi ya mitihani ya New York. Nakala ya matokeo lazima itoke chuoni kwako kwenda kwao moja kwa moja, bahasha isipite mkononi mwako. Tenga miezi 6 au zaidi kwa hatua hiyo pekee, na uwe na ndugu wa kufuatilia pale ofisi ya usajili ya chuo, kwa sababu faili hukaa. Ada ya mtihani kwa aliyesoma nje ni dola 750. Mtihani ni siku mbili, Februari au Julai: maswali 200 ya kuchagua, insha 6, na kazi 2 za vitendo. New York wanapitisha kwa alama 266. Juu yake kuna mtihani wa maadili, MPRE, unaotaka 85, kozi ya mtandaoni ya sheria za New York pamoja na mtihani wake mfupi, na saa 50 za huduma ya kisheria ya bure chini ya usimamizi.

Hizo saa 50 msizifanye popote. Zifanyeni kliniki ya msaada wa kisheria ya ajira au ya wapangaji. Ofisi za haki za kiraia zinauliza swali moja: umewahi kukaa na mlalamikaji ukaandika maelezo yake?

Alama 266 unaweza kuzihamishia jimbo jingine linalotumia mtihani huohuo, lakini kila jimbo lina masharti yake kwa waliosoma nje, na mengine hayawakubali kabisa. California inamruhusu wakili aliyekwisha kusajiliwa nchi nyingine kufanya mtihani wake bila LL.M. Zuri ni hili: serikali kuu inakubali leseni ya jimbo lolote. Mwenye leseni ya New York anaweza kuwa wakili wa EEOC akiwa Denver. Ofisi ya jimbo, kwa kawaida, inataka leseni ya jimbo hilo. Na msome kila tangazo hadi mwisho, maana mengi yanataja J.D., yaani shahada ya sheria ya Marekani, waziwazi, na LLB pamoja na LL.M. hazihesabiki kuwa J.D. mpaka ofisi husika iseme hivyo.

KivuKaskazini

Ndugu zangu, sisi wa Congo na Burundi tumesoma sheria ya mfumo wa Kibelgiji. Kwetu inakuwaje?

NyaliLegal

Kaka, kwenu LL.M. haiepukiki, kwa sababu mnapungua upande wa aina ya sheria. Chungeni muda uwe umetimia, ili upungufu uwe mmoja tu. Shahada ya licence ya miaka mitano ya Kinshasa au Lubumbashi kwa muda haina shida. Shida huwa kwa aliyeacha katikati au aliyesoma kwa mafungu akiwa mkimbizi, bila nakala kamili ya matokeo ya kila mwaka.

MamaUchunguzi

Naongeza njia ambayo watu wanaidharau: kuanza kama mchunguzi badala ya wakili. Ofisi za majimbo na miji zinaajiri wachunguzi wengi kuliko mawakili. Leseni ya uwakili haihitajiki, na anayezungumza Kiswahili, Kisomali, Kinyarwanda au Kifaransa anatakiwa kweli. Unaifanya huku unasubiri matokeo ya mtihani au uraia. Atakayekuja kuwa wakili wa kesi za ubaguzi bila kuwahi kujenga faili kutoka mwanzo, atahangaika.

Faili lenyewe la EEOC linakwenda hivi. Mlalamikaji anafungua malalamiko ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo lina ofisi yake ya kushughulikia ubaguzi wa aina hiyo. Mwajiri anajulishwa ndani ya siku 10. Anaulizwa kama atakubali usuluhishi. Akikataa, anaandika maelezo ya utetezi, kwa kawaida ndani ya siku 30. Mlalamikaji akiyaomba, anapewa nakala na siku 20 za kujibu, na wengi hawajui kwamba nafasi hiyo ipo. Kisha mchunguzi anadai nyaraka, anahoji mashahidi, anaandika uamuzi. Ushahidi ukitosha, inatoka barua ya sababu ya kuridhisha na pande zinaitwa kwenye maridhiano. Maridhiano yakishindikana ndipo mawakili wa tume wanapima kama waende mahakamani. Wasipokwenda, mlalamikaji anapewa barua ya ruhusa ya kushtaki, na kuanzia hapo ana siku 90 tu.

Mwaka wa fedha 2024 EEOC ilipokea malalamiko mapya 88,531. Kesi ilizofungua yenyewe mahakamani zilikuwa 111. Kwa hiyo kazi kubwa ya wakili wa tume ni kuchagua, na faili linalochaguliwa ni lile ambalo mchunguzi aliliandaa vizuri.

Kinachoharibu faili? Tarehe, kwanza kabisa. Mtu anaambiwa Machi kwamba mkataba wake utakoma Juni mwaka unaofuata, naye anahesabu kuanzia Juni. Amechelewa. Kesi iliyoweka msimamo huo, Delaware State College v. Ricks ya 1980, ilimhusu mwalimu Mwafrika kutoka Liberia: saa ilianza kuhesabu siku alipojulishwa kwamba amenyimwa ajira ya kudumu, wala si siku aliyotoka kazini. Kulalamika kwa chama cha wafanyakazi au kwa ofisi ya rasilimali watu hakusimamishi saa. Mfanyakazi wa serikali kuu ana muda mfupi zaidi, siku 45 za kumwona mshauri wa fursa sawa wa ofisi yake.

La pili ni visanduku vya fomu. Mtu anaweka alama kwenye rangi, anaacha kisasi, ingawa alifukuzwa wiki moja baada ya kulalamika. Mwajiri akiwahi kuweka pingamizi, dai la kisasi linaweza kuanguka. Mchunguzi makini anauliza, "Ulimwambia nani, lini, na baada ya hapo nini kilibadilika?"

La tatu ni wa kulinganishwa naye. Maneno ya uchungu peke yake hayathibitishi ubaguzi. Unataka jina la mfanyakazi mwingine, kazi ileile, msimamizi yuleyule, kosa lilelile, adhabu tofauti. Dai jedwali la adhabu zote za msimamizi huyo kwa miaka miwili au mitatu, lenye safu za jina, asili, kosa, tarehe, adhabu na aliyetia saini. Jedwali hilo ndilo linaloonyesha kama sababu ya mwajiri ni ya kweli au kisingizio. Ukipokea karatasi zilizochaguliwa na wakili wa kampuni, umepokea anachotaka ukione.

MtuWaKigoma

Dada MamaUchunguzi, maelezo ya shahidi asiyejua Kiingereza yanakubalika vipi? Lazima yapigwe muhuri kama kwetu kwa kamishna wa viapo?

MamaUchunguzi

Hapana. Sheria ya serikali kuu, 28 U.S.C. 1746, inakubali tamko lililoandikwa na kutiwa saini na tarehe chini ya onyo la adhabu ya kusema uongo. Muhuri hauhitajiki. Cha lazima ni mtu aelewe anachotia saini. Andika maelezo kwa lugha yake, mengine yafuate kama tafsiri, na mkalimani aandike mwishoni jina lake, lugha, na kwamba amesoma maelezo yote kwa sauti mbele ya shahidi. Usimtumie mtoto wa mlalamikaji wala mfanyakazi mwenzake. Na usidhani Kiswahili ni kimoja: shahidi wa Bukavu na mkalimani wa Tanga wasikilizane kwanza dakika chache kabla ya kuanza kuandika.

Jingine, mwambie mlalamikaji dakika ya kwanza kwamba wewe si wakili wake. Wakili wa serikali anawakilisha serikali na masilahi ya umma. Mlalamikaji anaweza kutaka fedha haraka, tume ikataka amri ya kubadilisha utaratibu wa kiwanda kizima. Asipojua hilo mapema atahisi amesalitiwa, na ataona hivyo kwa haki.

SheriaUghaibuni

Hapo umegusa mfupa. Naongeza suala la kuchagua sheria, maana kesi za wahamiaji hupotelea hapo.

Asili ya kitaifa na uraia ni vitu viwili mbele ya sheria. Kesi ya Espinoza v. Farah ya 1973 ilisema sura ya saba haikatazi kumkataa mtu kwa kuwa si raia. Kwa hiyo aliyeambiwa "hatuchukui Wakongo" anakwenda EEOC, na mwajiri awe na wafanyakazi 15 au zaidi. Aliyeambiwa "tunachukua raia tu" anakwenda sehemu ya haki za wahamiaji na wafanyakazi iliyo ndani ya Kitengo cha Haki za Kiraia, chini ya 8 U.S.C. 1324b, mwajiri akiwa na wafanyakazi 4 au zaidi, ndani ya siku 180. Sehemu hiyo inapokea pia ubaguzi wa asili ya kitaifa kwa waajiri wa watu 4 hadi 14 ambao EEOC haiwafikii. Ukikosea mlango, siku 180 zinakuishia kwenye foleni isiyo yako.

Hati za kazi nazo ziko huko. Kwenye fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, mfanyakazi ndiye anayechagua hati ya kuonyesha kutoka kwenye orodha. Leseni ya udereva na kadi ya Social Security isiyo na vizuizi zinatosha. Mwajiri akimwona Mwafrika akasema "lete grini kadi" huku wengine hawaulizwi, amevunja sheria.

Na hili wenye grini kadi walisikie: ulinzi wa 1324b dhidi ya ubaguzi wa uraia unamtoka mkaazi wa kudumu ambaye hakuomba uraia ndani ya miezi 6 tangu alipofikisha sifa. Kipengele hichohicho ndicho sheria ya bajeti inachokitaja kwa ajira ya serikali kuu. Kwa hiyo mwanasheria aliyekaa miaka saba bila kujaza N-400, fomu ya kuomba uraia, amejifungia milango miwili kwa pamoja.

Kuhusu fidia, sura ya saba ina ukomo kwa jumla ya fidia ya maumivu na fidia ya kumwadhibu mwajiri, kwa kila mlalamikaji: dola 50,000 kwa mwajiri wa watu 15 hadi 100, 100,000 hadi watu 200, 200,000 hadi 500, na 300,000 zaidi ya hapo. Mshahara uliopotea haumo kwenye ukomo huo. Dai la rangi au nasaba kupitia Section 1981, sheria nyingine ya serikali kuu dhidi ya ubaguzi wa rangi, halina ukomo na lina miaka 4, ila EEOC haishtaki kwa sheria hiyo. Ni la mlalamikaji na wakili wake binafsi.

KivuKaskazini

Watu wetu wengi wako viwanda vya nyama. Kesi za huko zikoje?

MamaUchunguzi

Zipo, na ni shule nzuri. Katika kiwanda cha JBS, Greeley, Colorado, tume ilidai kwamba wafanyakazi Waislamu, wengi wao Wasomali, walizuiwa kuswali, na kwamba Ramadhani ya 2008 mabomba ya maji ya kunywa yalifungwa wakati wa kufuturu. Kampuni ilikana. Mwaka 2021 ikakubali kulipa dola milioni 5.5 kwa watu wapatao 300. Lakini kesi ya kampuni hiyohiyo kuhusu Grand Island, Nebraska, tume ilishindwa mwaka 2013: jaji aliona mapumziko ya pamoja yasiyopangwa yangeuelemea uzalishaji. Fort Morgan, Colorado, kampuni ya Cargill ililipa dola milioni 1.5 mwaka 2018 kwa wafanyakazi 138 bila kesi kufika mahakamani, baada ya tume kutoa barua ya sababu ya kuridhisha.

Mkiuliza kwa nini Grand Island ilianguka, angalieni kipimo cha wakati ule. Tangu 1977 ilitosha mwajiri kuonyesha gharama ndogo tu kupita kawaida. Kesi ya Mahakama ya Juu, Groff v. DeJoy ya 2023, ilibadilisha: sasa lazima aonyeshe mzigo mkubwa ukilinganisha na biashara yake. Kwa hiyo mchunguzi wa leo anadai kumbukumbu za kasi ya mkanda, idadi ya wafanyakazi wa ziada kila zamu, na dakika ambazo mkanda husimama kwa sababu nyingine. Mkanda ukisimama dakika 15 kwa hitilafu ya kisu na hakuna anayelalamika, hoja ya mzigo inapungua nguvu.

NyaliLegal

Kwa wanaofikiria serikali kuu, jiandaeni na fomu za upekuzi. SF-86 inataka anwani zote za miaka 10, safari za nje, ndugu na marafiki wa karibu walio nje, na mali iliyoko nje. Kiwanja cha Kigamboni kilichoandikwa jina lako, akaunti ya benki Nairobi, fedha unazomtumia mama kila mwezi, vyote vinaandikwa. Kuwa navyo si kosa. Kuvificha ndiko kunakoua ombi. Fungueni faili leo: tarehe za safari, risiti za kutuma fedha, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho. Jina lililoandikwa kwa tahajia tatu kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha chuo na grini kadi, lirekebisheni kabla ya kuomba, au andaeni kiapo cha majina.

Uraia nao una gharama kwenu wa Tanzania na Congo, ambako mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Kenya imeruhusu tangu Katiba ya 2010. Ni uamuzi wa familia nzima, unahusu ardhi na mirathi, usiufanye wiki ya kuomba kazi.

MtuWaKigoma

Kwa hali ya sasa, bado inafaa kulenga serikali kuu?

SheriaUghaibuni

Mwaka 2025 mawakili wengi wa muda mrefu waliondoka Kitengo cha Haki za Kiraia, na vipaumbele vimebadilika. Amri ya Rais ya Aprili 2025 iliagiza ofisi za serikali kuu ziache kutumia hoja ya athari zisizo sawa, yaani sera isiyotaja rangi lakini inayoumiza kundi moja. Amri ya mwaka 2000 ya huduma za lugha nayo ilifutwa Machi 2025. Sheria zenyewe, sura ya sita (ubaguzi katika miradi inayopokea fedha za serikali kuu) na ya saba za Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, hazijafutwa, na majimbo yana sheria zao. New York inagusa waajiri wote bila kujali idadi ya wafanyakazi, California kuanzia watu 5. Muda wa kulalamika huko ni miaka 3 kwenye majimbo yote mawili.

Ushauri wangu kwako uliyepo Tanzania na LLB: wiki hii andika chuoni waanze kutoa nakala ya matokeo kwenda bodi ya New York, na uombe chama cha mawakili barua ya kuthibitisha kwamba huna shauri la nidhamu. Ukifika, lenga uchunguzi kwenye ofisi ya jimbo au jiji. Kabla ya kukubali kazi uliza kama kibali chako cha kazi kinatosha na kinaisha lini, kwa sababu baada ya LL.M. kibali cha mwanafunzi kinakupa miezi 12 tu, na ofisi nyingi za umma hazidhamini viza.